Kumuaga baba angali anakusikia

Wanaume wengi wa rika langu hapa Moshi na Arusha tumewazika baba zetu kwa heshima zote, kwa maturubai, matarumbeta na chakula kilichowatosha wageni, kisha tukabaki na uchungu wa kujua kwamba hatukuwaaga. Kuaga hufanyika kabla, baba angali anasikia na anaweza kujibu, na hufanyika kwa mikono na kwa maswali zaidi kuliko kwa hotuba. Mwongozo huu nimemwandikia mtoto wa kiume mwenye baba mzee kijijini, ambaye ameanza kuona dalili na hajui aanzie wapi. Mimi ni fundi seremala, naishi Arusha, na kwetu ni Kibosho. Baba yangu alifariki akiwa na miaka 86, na nusu ya haya ninayoyaeleza niliyajua nikiwa nimechelewa.

Nenda mwenyewe

Kutoka Arusha hadi Moshi ni kilomita 80 hivi, na hata ukiongeza mwendo wa kupanda hadi Kibosho, Uru, Machame au Marangu, safari nzima haimalizi nusu siku. Hata hivyo, miaka hupita mtu akipanda nyumbani Desemba tu, wakati ambao uwanja umejaa watoto, magari na nyama, na baba hapati nafasi ya kuzungumza na yeyote kwa sababu anazungumza na wote. Katikati ya mwaka hutumwa pesa kwa simu. Simdharau anayetuma pesa, kwani dawa hazinunuliwi kwa salamu, ila nimeona kwamba pesa humzoesha mtu kuamini kuwa ameshafika.

Panga siku isiyobadilika, kwa mfano Jumamosi ya kwanza na ya tatu ya kila mwezi, na umjulishe baba ili awe na cha kungojea. Kwa safari za mwanzo nenda peke yako, bila mke, watoto wala rafiki wa kukuendesha. Ukifika, toa shikamoo, kaa, nyamaza kidogo, kisha badala ya kumuuliza anaumwa wapi, mwombe kazi: "Baba, leo nifanye nini?" Mzee asiyeweza tena kuinua jembe bado anajua ni mgomba upi unahitaji kuegemezwa mti na ni mti upi wa kahawa umeota machipukizi yasiyotakiwa. Atakaa kwenye kigoda akuelekeze. Baba zetu hawakulelewa kumtazama mtoto usoni na kumwambia ya moyoni, na maneno yao hutoka wakati mikono ina kazi na macho yako kwingine. Habari za kifo cha babu yangu, ambazo sikuwahi kuzisikia maisha yangu yote, nilisimuliwa nikiwa nakata majani ya ng'ombe, naye baba aliongea akiwa amenipa mgongo.

Usimfiche ugonjwa wake

Sisi tulimficha. Katika hospitali tuliyompeleka, daktari alituita mimi na kaka yangu kwenye korido akatueleza kwamba ni saratani ya tezi dume na kwamba imeshafika kwenye mifupa, wakati mwenye mifupa hiyo alikuwa amekaa kwenye benchi hatua tano kutoka pale, kofia yake mapajani. Tukakubaliana kumwambia kuwa ni baridi ya uzee. Tuliishi na uongo huo miezi minne, na katika miezi hiyo hakuna mazungumzo ya maana yaliyowezekana, kwa sababu kila neno lilikuwa linazunguka jambo ambalo halikutakiwa kutajwa.

Siku moja nilikuwa namnyoa ndevu uwanjani. Nilikuwa nimeshamaliza shavu la kulia na povu la sabuni lilikuwa bado limekaa upande wa kushoto, ndipo aliponishika kifundo cha mkono, wembe ukiwa hewani, akasema taratibu, "Mwanangu, mifupa hii ni yangu. Unadhani wewe unaijua kuliko mimi?" Nikamwambia yote. Hakulia wala hakukasirika. Aliuliza tuko mwezi wa ngapi, akahesabu kwa vidole hadi msimu wa kuchuma kahawa, kisha akaniambia nimalizie shavu lililobaki.

Tangu siku hiyo ninashauri hivi. Kabla ya kuingia kwa daktari, mwombe aongee na baba mwenyewe, kwa Kiswahili cha kawaida, nawe ukae kando kama msaidizi. Ikiwa majibu umeshayapokea wewe, usimwagie mzee kila kitu kwa mara moja, bali mpe nafasi ya kuchagua: "Baba, majibu yamerudi. Ungependa nikueleze yote, au unieleze kwanza unachotaka kujua?" Wapo wazee watakaosema hawataki kusikia, na hiyo ni haki yao. Kilicho kibaya ni kuamua kwa niaba ya mtu aliyekuwa akiamua kwa niaba yako tangu unazaliwa.

Mtunze kwa mikono yako

Hapa ndipo wengi wetu tunapokimbia. Tumelelewa kujua kwamba mtoto hauoni uchi wa baba yake, kwa hiyo kumwogesha, kumbadilisha nguo na kumpeleka chooni tunamwachia mama, ambaye naye ni mzee, au dada, au binti wa kazi. Naiheshimu desturi hiyo. Lakini naamini kwamba ilikuwepo ili kumlinda baba na aibu, na mzee anayelala kwenye mkojo wake akimsubiri mtu anayefaa kumgusa yuko kwenye aibu kubwa zaidi.

Anza na miguu. Chukua beseni la maji ya uvuguvugu, piga goti, uoshe nyayo zake na kukata kucha, na usiseme mengi. Akishazoea mikono yako kwenye miguu, omba ruhusa ya kumwogesha mgongo, na siku nyingine mwili wote. Mfunike kwa kitenge au shuka tangu kifuani, uoshe kwa kitambaa ukipitisha mkono chini ya shuka, upande mmoja kwa wakati, na kila sehemu uliyomaliza uikaushe na kuifunika kabla ya kwenda nyingine. Kwa njia hiyo hakuna anayeona kisichopaswa kuonekana. Asipoweza kujigeuza kitandani, mgeuze kila baada ya saa mbili, kwa sababu nyama inayogandamizwa muda mrefu kwenye nyonga, visigino na mwisho wa mgongo hufa na kuwa vidonda vya kulalia, ambavyo ni vigumu sana kupona katika mwili wa mzee. Weka mto mdogo katikati ya magoti. Choo kikiwa mbali na nyumba, mpelekee fundi kiti cha kawaida cha mbao chenye mikono, atoboe tundu la duara katikati na kuweka reli mbili chini za kushikia ndoo. Nilitengeneza kiti hicho kwa nusu siku, na kilimrudishia baba heshima kuliko kitu chochote nilichowahi kumnunulia.

Maumivu yasivumiliwe kwa ajili ya ushujaa. Kuna tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza mateso kwa mgonjwa ambaye ugonjwa wake hautapona, na katika kanda hii hutolewa na hospitali kubwa, zikiwemo KCMC ya Moshi na Selian ya Arusha. Dawa yao kubwa kwa maumivu makali ni morfini ya maji, inayonywewa kwa kipimo na kwa saa maalumu. Wapo ndugu watakaosema kwamba morfini inaua. Ikitumiwa kama ilivyoandikwa na mtaalamu haiui, bali humpa mzee usingizi na utulivu wa kuongea na wanawe. Inafunga choo, na kwa sababu hiyo omba dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo, usisubiri tumbo lijae.

Uliza yale uliyoyaogopa

Kila mtoto wa kiume ana jambo moja na baba yake. Langu lilikuwa shule. Nilimaliza darasa la saba mwaka 1989, na kaka yangu mkubwa alikuwa tayari yuko sekondari. Mimi niliambiwa nikajifunze ufundi. Kwa zaidi ya miaka thelathini niliamini kwamba baba alipima akili zetu wawili akaona yangu haitoshi. Nilikuja kumuuliza akiwa ameketi kwenye kile kiti, na sauti yangu ilitetemeka kama ya mtoto.

Hakujibu. Alimwagiza mama alete sanduku la bati, akatoa stakabadhi za kahawa za chama cha msingi cha ushirika zilizofungwa kwa kamba ya mgomba, akaniambia nisome mwenyewe. Kilo zilikuwa karibu zilezile mwaka hadi mwaka, lakini malipo yalikuwa yameshuka hata huwezi kuamini ni shamba lilelile. Mwaka huo wa 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa mauzo ya kahawa kati ya nchi zinazoilima ulivunjika, bei ikaanguka dunia nzima, na anguko hilo likafika hadi kwenye kihamba chetu, yaani shamba letu la nyumbani, na kwenye ada yangu. Baba alikuwa na pesa ya mtoto mmoja, na mtoto mmoja alikuwa ameshaanza. Hakuwahi kunieleza kwa sababu aliona aibu, nami sikuwahi kuuliza kwa sababu niliona hasira. Tulikaa pale hadi giza likaingia.

Kwa hiyo uliza, na uulize ukitafuta kujua, si kumhukumu. Anza na mambo mepesi ili mlango ufunguke: alikuwa wapi usiku wa Desemba 9, 1961, Mwenge wa Uhuru ulipowashwa juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, nani alimfundisha kupogoa kahawa, alimwonaje mama yako mara ya kwanza. Akikubali, rekodi sauti yake kwa simu, na mara tu baada ya hapo itume kwa ndugu wawili, kwani simu huibwa. Baadaye nenda kwenye jambo lenyewe.

Na ikiwa mwenye kosa ni wewe, usisubiri apone kwanza. Sisi Wachagga tuna jani la isale, ambalo hufungwa fundo na kupelekwa kwa uliyemkosea, na ambalo kwa desturi halikataliwi. Isale hilohilo ndilo lililopandwa kwenye mipaka ya vihamba na ndilo linalosimama kwenye makaburi ya wazee wetu. Ukiliweka mikononi mwa baba huhitaji maneno mengi, na mimi nimeshuhudia mzee aliyenuniana na mwanawe kwa miaka akilipokea na kulishika kifuani bila kusema lolote. Ikiwa familia yako haina desturi hiyo, piga goti useme, "Baba, nilikukosea, nisamehe." Usiongeze "lakini".

Katika siku hizohizo mwombe akutembeze mpakani, na akishindwa kutembea, mbebeni kwenye kiti. Akuoneshe isale lililong'olewa na kurudishwa, jirani aliyepewa njia ya maji kwa mdomo tu, na kaburi la bibi lisilo na alama. Mambo haya hayako kwenye karatasi yoyote.

Sanduku la bati

Baba akikubali kulifungua, kaeni pamoja, mama na dada zenu wakiwepo, muorodheshe kilichomo: kitambulisho cha taifa, kadi ya bima, karatasi za shamba, uanachama wa chama cha msingi au SACCOS, pensheni kama ipo, na madeni. Madeni uyaulize kwa namna ya pekee, ya pande zote mbili, kwa sababu mzee anayejua kwamba deni lake limeandikwa na litalipwa hulala vizuri zaidi.

Kuhusu wosia, nia njema peke yake haitoshi. Kwa sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963, wosia wa mdomo huhitaji mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Wosia wa maandishi huhitaji wasiopungua wawili ikiwa mwenye kuusia anajua kusoma na kuandika, na wanne ikiwa hajui. Nashauri shahidi asiwe mtu anayerithi. Kwa Waislamu, wosia kwa asiyekuwa mrithi hauvuki theluthi moja ya mali, na mengine hufuata mafungu ya mirathi. Kwetu nyumba ya baba humwendea kitinda mimba, na wakubwa hulijua hilo tangu utotoni, lakini mama ataishi wapi na dada watapata nini ni mambo ambayo mzee ayaseme mwenyewe akiwa na akili timamu. Wanaume tukiachiwa kuyakisia baada ya mazishi, mara nyingi tunakisia kwa faida yetu.

Siku za mwisho

Mwili unaoondoka una dalili zake, na kuzijua kunapunguza hofu. Baba atalala muda mrefu zaidi, atakataa chakula, mkojo utapungua, na mikono na miguu itakuwa ya baridi. Pumzi itakuja kwa vipindi, ikikatika kwa muda kisha ikarudi, na huenda kukawa na mkoromo kooni, ambao unatokana na mate anayoshindwa kumeza. Mlaze ubavu na mkoromo utapungua. Usimlazimishe mtori wala uji. Shangazi atasema mnamuua kwa njaa. Mweleze kwa upole kwamba mwili hauhitaji tena chakula na kwamba ukimlisha asiyeweza kumeza atapaliwa. Lowesha midomo yake kwa pamba yenye maji, umpake mafuta kidogo.

Ongea naye hata kama hajibu, kwani kusikia hukawia kuondoka, na kwa sababu hiyohiyo mambo ya jeneza na michango yazungumzwe nje. Aliye mbali apigiwe simu, nayo iwekwe kwenye sikio la mzee; kaka yangu aliaga hivyo kutoka Dar es Salaam. Maneno yenyewe yawe mafupi. Mwambie kwamba mpo, kwamba mama atatunzwa, kwamba deni la fulani limelipwa, na umshukuru. Mimi nilisema, "Aika mbe, baba. Pumzika," yaani asante kwa Kichagga, nikarudia mara nyingi nisizozihesabu.

Ikiwa ninyi ni Waislamu, mazishi yatakuwa ndani ya saa chache, na watoto wa kiume wana nafasi ya kumwosha baba yao. Jifunze mapema kutoka kwa shehe jinsi ya kuosha na kukafini, ili saa hiyo usisimame mlangoni ukiwaachia wengine.

Baada ya pumzi ya mwisho

Kama amefariki nyumbani, toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa. Kama ni hospitalini, karatasi ya kuthibitisha kifo hutolewa hapo. Sheria inataka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30, na cheti cha kifo hutolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili. Bila cheti hicho hutapiga hatua kwenye benki wala kwenye pensheni. Kikao cha ukoo kitapendekeza msimamizi wa mirathi, muhtasari wake utapelekwa Mahakama ya Mwanzo, na msimamizi akishateuliwa ana miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali.

Kuhusu msiba wenyewe nina neno moja. Usikubali kuwa mtunza daftari la rambirambi, msimamizi wa maturubai na mpokea wageni kwa pamoja. Mpe binamu daftari, mpe jirani jiko. Kazi yako ibaki moja, ya kumpeleka baba. Nenda wewe na ndugu zako kuchagua nguo atakazovaa. Nilipochukua koti lake la kahawia la kanisani nilikuta mfukoni bahasha ya zaka ya mwezi ule, imeandikwa jina na tayari ina noti ndani, naye alikuwa hajatoka kitandani kwa wiki saba. Niliipeleka parokiani mwenyewe, na nikiwa njiani ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza.

Kilio kitakuja kwa wakati wake, pengine miezi mitatu baadaye, ukiwa kazini umeshika randa. Kiruhusu. Wanaume wengi wa kwetu hukipeleka baa, na kesho yake hukikuta palepale kimewangoja. Mtafute ndugu uliyemwogesha baba pamoja naye, muongee.

Baada ya mazishi, msaragambo wa mfereji, yaani kazi ya pamoja ya kusafisha mfereji wa maji, utatangazwa, kwa kawaida kabla ya kiangazi. Usitume kibarua. Panda nyumbani usiku wa kuamkia siku hiyo, chukua jembe lake, si lako, hata kama mpini umeshaanza kulika na utauchonga mwingine mwaka kesho. Simama kwenye mstari pamoja na wazee waliochimba naye. Katibu wa mfereji atasoma majina ya kaya kutoka kwenye daftari ambalo huenda bado halijabadilishwa, na akifika kwenu jina litakaloitwa ni la baba. Itika.